Ubishi na Kigimbi cha Kushoto

Jumatatu, 8 Julai

Nimerudi kutoka mazoezi ya baiskeli kwenye barabara ya Base, ile ya kambi ya jeshi nje ya Kamina. Vumbi mpaka ndani ya masikio. Asubuhi baridi ya kiangazi ilinikata vidole, halafu jua likatokea ghafla kama mkaguzi wa shule. Kwenda, vizuri. Kurudi, vizuri mpaka penye reli. Hapo kigimbi cha kushoto kikabana.

Kusema kiliuma ni kukipunguzia. Kilijikunja, kikawa jiwe, kikapanda juu kana kwamba kinatafuta njia ya kutokea gotini. Nilianguka pamoja na baiskeli mbele ya mama mmoja mwenye beseni la mihogo. Akaniuliza kama ninakufa. Nikamwambia hapana, ni msuli. Akasema ni mshipa. Nikamweleza tofauti ya msuli na mshipa nikiwa chini, shavu langu kwenye mchanga. Aliondoka kabla sijamaliza. Watu hawapendi kujifunza.

Mwanaume wa umri wangu, mwalimu wa historia, shule imefungwa, angekaa nyumbani na magazeti ya zamani. Mimi siwezi. Jumamosi ya wiki ijayo ukoo wa mke wangu Ngoie unakutana kijijini kwao, Katoto. Nisipofika, watahesabu kwamba nimemwacha Ngoie, na yeye atabaki kwao. Ndivyo alivyosema. Ujumbe aliuleta Kabange, jirani yangu, anayebeba samaki wa Bukama kwa pikipiki. Aliufikisha kwa sauti ya mnada, uani, majirani wote wanachota maji.

Nimepika mwenyewe bukari, ugali wetu. Ina madonge. Nimeila kwa hasira.

Jumanne, 9 Julai

Niandike sababu, maana mtaa mzima unaieleza vibaya.

Mwezi wa tano tulikwenda Katoto kumaliza matanga ya baba mkwe. Mzee Mwilambwe, kaka yake mama mkwe, akasimama kumsifu marehemu. Katikati ya sifa akasema kwamba zile kengele za chuma zilizochimbwa katika makaburi ya kale pale kijijini zililetwa na wageni. Na wageni! Watu wamekalia makaburi ya wahunzi wao wenyewe, halafu wanawapa wageni kazi ile! Nilisimama. Nilieleza tanuri, nikaeleza mavi ya chuma yaliyotapakaa mashambani, nikaeleza nyundo. Ngoie alinivuta koti. Nikaeleza biashara. Chakula kikapoa. Wanakwaya wakaketi. Mzee Mwilambwe alibaki amesimama muda wote ule na karatasi yake ya sifa, hakujua aikunje au aendelee.

Nilikuwa na haki. Bado nina haki. Kesho yake nilirudi Kamina peke yangu.

Sasa safari. Treni imelala mahali fulani kusini na hakuna anayejua itaamka lini. Malori hayaonekani. Imebaki pikipiki, na pikipiki sipandi. Nilisema redioni, katika kipindi changu cha Jumamosi, kwamba pikipiki zimewafanya wanaume wa mji huu kuwa mizigo. Nikasema mtu mwenye miguu miwili mizima na baiskeli moja nzima hana haja ya pikipiki kufika popote katika jimbo hili. Katika jimbo hili! Kwa nini nilisema jimbo? Ningesema mji, leo nisingekuwa na kigimbi.

Jana jioni Kabange alikuja kwenye ua.

"Prof, panda nyuma yangu. Siku moja tu, unafika kwa bukwe."

Nikakataa.

"Basi vaa kofia yangu ya pikipiki, shusha na kioo. Bantu habatajua ni weye."

Nikakataa tena, kwa maelezo. Alisikiliza kidogo, akaniambia watanijua hata na kofia, maana sitanyamaza.

Alhamisi, 11 Julai

Nimesoma. Nina kamusi ya tiba ya Kifaransa isiyo na jalada, na kitabu kingine cha mazoezi alichoniachia mmisionari mmoja alipofunga nyumba yake. Kamusi inasema misuli hubana kwa kukosa chumvi na maji vilivyotoka na jasho. Kitabu cha mmisionari kinasema hapana, ni uchovu wa msuli wenyewe, chumvi haina kosa. Wamekaa kwenye rafu moja miaka yote hii na hawajawahi kukutanishwa. Nimewakutanisha. Nimekaa upande wa chumvi. Pembeni ya ukurasa wa mmisionari nimeandika UVIVU WA KUFIKIRI.

Nilichanganya chumvi katika chupa ya maji, nyingi, kwa kuwa sipendi mambo nusunusu. Barabara ya Base. Nilikunywa yote njiani. Nikatapika penye reli. Kisha kigimbi kikabana palepale, mahali pake pa kawaida.

Nimefuta maneno ya pembeni. Hayafutiki vizuri.

Ijumaa, 12 Julai

Kabange ameleta dawa yake. Mawese ya moto, kupaka na kusugua kutoka kisigino kwenda juu. Nimepaka. Nikapanda baiskeli. Karibu na soko mbwa mmoja akaanza kunifuata. Halafu wanne. Halafu sikuhesabu tena. Mawese yale yalikuwa yamekaangiwa samaki.

Sijawahi kukimbiza baiskeli namna ile tangu ujana. Mtaa mzima umeniona. Kigimbi hakikubana hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi, kwa kuwa sasa Kabange anatembea akisema dawa yake inafanya kazi.

Jumapili, 14 Julai

Aibu ya kanisani.

Tulisimama kwa sala ya maombezi. Mchungaji wetu akisali, wagonjwa wote wa jimbo wanapita mmoja mmoja. Nilisimama wima kama mtu mzima. Alipofika kwa wasafiri, kigimbi kikanikamata. Nikapiga kelele. Haikuwa neno. Ilikuwa "Aaaa!" ya kutoka tumboni. Kanisa zima likajibu "Amina!" Kikabana zaidi. "Aaaa!" "Amina!" Mchungaji akapandisha sauti. Mama mmoja wa kwaya akaanza kulia. Nikashika benchi, nikainua mguu, nikaruka kwa mguu mmoja, na upande wa kushoto wa kanisa ukaruka pamoja nami.

Sisi Wamethodisti si watu wa kuruka. Miaka ishirini nimeandika na kusema dhidi ya makanisa ya kurukaruka. Leo nimeanzisha jambo ambalo sitaweza kulizima.

Baada ya ibada Mchungaji alinishika mikono yote miwili, macho yamelowa. Nilianza kumweleza kuhusu msuli. Akasema, "Usieleze, Tata Banze. Kwa mara moja, usieleze."

Jumanne, 16 Julai

Leo nimekwenda mbali, karibu nusu ya siku. Majani yamechomwa pande zote mbili za barabara, majivu yanaruka, nimerudi mweusi kama jungu. Mguu ulitulia njia nzima. Nilifurahi. Niliimba.

Halafu nikakaa chini kujaribu kikao. Ndipo balaa.

Nieleze hapa, maana ndiyo hatari yenyewe. Kwao Ngoie, mkwe wa kiume hakai kwenye kiti mbele ya mama mkwe. Anakaa kwenye mkeka, miguu imekunjwa chini yake. Hamtazami usoni. Hasemi mpaka aulizwe. Hamgusi, wala haguswi naye, wala na mtu mwingine wa ukoo ule, ila mke wake akitaka, katika kikao cha hukumu; mpaka neno liishe, yeye ni mgeni kwao. Na kumnyooshea mama mkwe mguu, wayo ukamwelekea, ni tusi ambalo hakuna anayekumbuka adhabu yake. Hakuna aliyewahi kulifanya.

Nilitandika mkeka wa Ngoie sebuleni. Nikakunja miguu. Nikainamisha kichwa. Nikanyamaza. Kunyamaza kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani, hata kwa kuwa peke yangu. Halafu kigimbi. Nilirusha mguu mbele bila kuamua, nikapiga teke meza ndogo, redio ikaanguka.

Kwa hiyo barabara si adui. Adui anasubiri nifike, niketi, nitulie. Nikinyoosha mguu, nimemtukana mama mkwe. Nisiponyoosha, nitapiga kelele kama kanisani, na kule hawatasema amina.

Nimejaribu tena. Na tena. Kila mara teke.

Ninaogopa. Naandika hivyo hivyo: ninaogopa.

Jumatano, 17 Julai

Nimekaza mnyororo, nimepaka grisi, nimejaza matairi. Zawadi: kitenge cha mama mkwe, na kuku jike mwekundu. Kuku atakaa nyuma, kwenye kikapu, kichwa nje.

Kabange amekuja kuniaga. Ameangalia baiskeli, ameangalia kuku, ameniangalia mimi. Akamwonea huruma kuku.

Nimebeba chumvi, ndizi, karanga, chupa ya mawese (mapya) na vitabu vyote viwili.

Alhamisi, 18 Julai

Jioni. Nimelala kwa katekista wa kijiji kimoja njiani, mtu mwema, Mkatoliki. Amenipa maji ya moto na kitanda chake. Nimejizuia kumwuliza kuhusu Papa. Nilijizuia mpaka baada ya chakula.

Siku nzima mchanga. Mahali pengine nilisukuma baiskeli kuliko ilivyonibeba. Misuli imebana mara nyingi: kigimbi cha kushoto, kisha cha kulia, kwa mshikamano, kisha paja. Nimejifunza kuanguka upande usio na kuku.

Nimegundua jambo. Nikiwa nabishana peke yangu kwa sauti, njiani, miguu inabana haraka. Nikinyamaza, inakaa. Nimejaribu mara kadhaa nikidhani ni bahati. Labda ninapobishana nakanyaga kwa hasira. Labda. Sitalitaja redioni.

Ijumaa, 19 Julai

Nimefika Katoto. Niandike kabla mkono haujaanza kubana na wenyewe.

Asubuhi, kabla barabara haijaanza kushuka kuelekea mto Lualaba, miguu yote miwili ilikataa pamoja. Nililala chali kando ya barabara, visigino juu kwenye kichuguu, kuku kikapuni pembeni yangu. Nilikuwa naiambia miguu ninachofikiri juu yake. Ndipo nikasikia pikipiki. Mtu gani mwingine? Kabange.

Alizima injini. Alishuka taratibu. Alikaa juu ya matenga yake matupu ya samaki akaniangalia.

"Prof. Miguu mbili inatosha?"

Nilivuta kikapu cha kuku karibu yangu.

"Jimbo iko kubwa, eh?"

Nilimwambia aende zake.

"Nasikia ulikuwa unasema. Ulikuwa unasema na kuku ao na muguu?"

Na mguu, nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata jibu la haki. Akaniuliza mara ya mwisho kama nitapanda. Nilitazama ile pikipiki. Kiti chake kina sponji. Nilikitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyofaa. Nikasema hapana. Akacheka, akaweka ndizi mbili juu ya kifua changu, akawasha, akanifunika kwa vumbi.

Kumbe alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe. Nilipoingia Katoto mchana kila mtu alikuwa anajua. Kabange ametangaza kijiji kizima: "Mukwe yenu anakuya na kinga, ile baisikeli yake, lakini kwanza iko anabishana na muguu yake mu barabara. Muguu njo inashinda." Watoto walinipokea wakichechemea, mmoja nyuma ya mwenzake, mmoja amebeba kikapu kichwani akilia kama kuku.

Nimepewa nyumba ya pembeni, kama desturi. Mama mkwe sitamwona mpaka kesho mbele ya ukoo. Ngoie nimemwona kwa mbali, anatoka mtoni na beseni la mihogo iliyolowekwa. Amesimama. Amenitazama mguu, hakunitazama uso. Akaendelea.

Amekonda. Au mimi nimesahau alivyo. Yote mawili ni mabaya.

Jumamosi, 20 Julai

Nitajitahidi kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi nilinyoosha miguu ukutani, nikala ndizi, nikala chumvi, nikapaka mawese. Nilitumia madhehebu yote. Kisha wakaniita.

Ukoo ulikaa duara uani. Mama mkwe kwenye kigoda chake, kitambaa cheusi cha ujane kichwani. Ngoie nyuma yake, mikono imefungwa kifuani. Mzee Mwilambwe kwenye kiti, kwa kuwa ndiye msemaji. Kabange naye alikuwepo, karibu na lango; samaki walikuwa wanaweza kusubiri. Mimi mkekani. Nikakunja miguu. Nikainamisha kichwa. Kuku alifungwa mbele yangu kwenye kijiti, kama shahidi.

Ngoie aliulizwa kwanza. Alisema kwa utulivu, na hilo lilinitisha kuliko kelele. Alisema hana shida na bwana anayesoma. Alisema nyumba yetu haina siku bila mkutano wa hadhara. Alisema baba yake alizikwa mara moja tu, na siku ile ya kumuaga mimi niliifanya yangu. "Nalimuvuta koti. Hakugeuka. Sasa minyi sitamuvuta tena, sitamugusa tena, mpaka nione kama anaweza kufunga kinwa hata mara moja."

Niliangalia mkeka. Una mistari miekundu na ya rangi ya majani makavu.

Halafu Mzee Mwilambwe. Alizungumza muda mrefu, na vizuri, ninakubali. Alihesabu makosa yangu. Mengine nilikuwa nimeyasahau, moja si langu, ni la mwalimu mwingine. Nilinyamaza. Kigimbi kilianza kunong'ona. Nilinyamaza. Mwishoni mzee akainama kuelekea kwangu. Macho yake yalikuwa yanacheka, naapa.

"Na minyi ninarudilia mbele ya bote: ile kengele ya chuma ilitoka kwa bageni. Sasa nakuuliza. Weye uko na neno?"

Aliniuliza! Desturi inasema nisiseme mpaka niulizwe, na nimeulizwa! Nilikuwa na hoja nne. Zilikuwa zimejipanga tangu mwezi wa tano, zimepigwa pasi, zimevaa viatu. Niliinua kichwa. Nilifungua mdomo. Nilivuta pumzi.

Kigimbi cha kushoto kikabana.

Hakijawahi kubana namna ile. Barabara ya Base ilikuwa mchezo. Kanisani ilikuwa mchezo. Pumzi niliyovuta ilibaki ndani. Mdomo ukabaki wazi, kisha nikaufunga kwa nguvu, meno juu ya mdomo wa chini, kwa sababu kama ningeuacha wazi ningepiga ile kelele. Mguu unataka kwenda mbele. Mbele yuko mama mkwe. Nikaukalia. Nikaukalia kwa uzito wote wa mwili wangu, na machozi yakaanza kutoka, makubwa, yakidondoka kwenye mistari ya mkeka.

Duara likainama kunitazama. Nikasikia mzee mmoja ananong'ona: "Amekataa kujibu." Mwingine: "Analia. Muntu ya redio analia." Mama mmoja akasema "Aka!" kwa huruma. Mzee Mwilambwe alirudi nyuma kwenye kiti chake. Alikuja kupigana, akakuta uwanja mtupu.

Ningeweza kuiacha iende hivyo. Kwa kweli sikuwa naweza chochote.

Mama mkwe alikuwa mtu pekee asiyenitazama usoni. Yeye alitazama mkeka. Alikuwa ameona kidole gumba cha mguu wangu kikichungulia chini ya suruali, kimesimama peke yake na kutetemeka. Na Kabange alikuwa amemwambia yote. Mama mkwe alisema bila kugeuka:

"Ngoie. Muguu ya bwana yako."

"Mama, nalisema sitamugusa."

"Minyi siwezi kumugusa. Mujomba yako hawezi. Ile kuku haiwezi. Nani atamushika?"

Ngoie hakusogea. Nilihesabu mapigo ya moyo kigimbini. Halafu mama mkwe akafanya jambo ambalo nitalikumbuka. Alinyanyuka nusu, akageuza kigoda, akaketi tena, mgongo kwetu, uso kwenye ukuta wa nyumba. Mjane wa watu, mwenye kikao chake, aliamua kutazama ukuta ili mguu wangu usiwe tusi. Duara zima likaelewa. Wazee wakaangalia pembeni, mmoja baada ya mwingine.

Nikasikia hatua. Ngoie alipiga magoti, akauchomoa mguu chini yangu, wa kushoto, bila kuuliza ni upi. Akaweka kisigino juu ya paja lake, akashika vidole kwa mikono miwili, akavisukuma kuelekea gotini. Si kwa upole.

"Tulia. Usibishane nayo."

Nikatulia. Kikashikilia. Kikashikilia bado. Kisha kikaachia, polepole, kama ngumi ya mtoto anayepitiwa na usingizi.

Mzee Mwilambwe akakohoa. "Nilikuwa nimeuliza swali," akasema.

Ni kweli. Swali lilikuwa bado hewani. Pumzi ilikuwa imerudi. Hoja nne zilikuwa palepale, hakuna hata moja iliyoumia. Nikamtazama mzee. Nikatazama mikono ya Ngoie kwenye mguu wangu. Hakuwa ameachia.

Nikasema sina neno.

Duara lilivuta pumzi. Mzee, nadhani kwa kusikitika, akajipiga mapaja kwa viganja. "Basi. Amemushika mbele ya ukoo. Neno imeisha."

"Nalishika muguu tu!" Ngoie akasema.

"Na muguu iko ya nani?"

Walicheka mpaka kuku akaanza kupiga kelele. Mama mkwe alicheka akiwa bado ameelekea ukutani. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Kabange alicheka kuliko wote, akanionyesha dole gumba. Ngoie hakucheka. Lakini hakuwa ameachia mguu.

Jumapili, 21 Julai

Tumekaa. Misa asubuhi, nimehudhuria, nimekaa nyuma, mguu kwenye ujia. Kuku ameliwa. Nilipewa paja, nyumba ya pembeni, mbali na macho ya mama mkwe. Nilimla kwa heshima. Alikuwa msafiri mwenzangu.

Mchana Ngoie amekuja na maji. Niliona ni lazima nimweleze, kwa sababu sipendi kushinda kwa hila. Nikamwambia nilipofungua mdomo nilikuwa nataka kujibu. Nikamwambia ni kigimbi kilichonifunga, si toba. Machozi pia, ya kigimbi.

Akasema: "Najua. Minyi njo nalishika. Ilikuwa kama jiwe."

Nikauliza kama sasa hatarudi.

"Ilipoachia, mujomba alikuuliza tena. Hapo haukukuwa na crampe, muguu haikubana. Ukasema hauna neno." Alimwaga maji yaliyobaki. "Ile ya pili njo nalisikia."

Sikuwa na la kujibu. Mara mbili katika siku mbili. Inaanza kuwa mazoea.

Jumatatu, 22 Julai

Njia ya kwenda stesheni ya Bukama. Treni imeamka, wanasema, na inapanda leo au kesho.

Ngoie alipanda baiskeli. Mimi nilitembea nyuma na fimbo, nikichechemea, mzigo wake kichwani kwangu. Anaendesha vizuri. Sikujua. Kila baada ya mwendo alisimama kunisubiri, mguu mmoja chini, hageuki. Wavuvi wenye nyavu mabegani walitusalimia, wakanitazama, wakamtazama yeye, wakachagua kumpa pole yeye.

Kabange ametupita na matenga yaliyojaa. Alipunguza mwendo. Alifungua mdomo. Ngoie alimtazama. Akaufunga, akaenda.

Alhamisi, 25 Julai

Kamina. Nyumba imepungua ukubwa. Bukari haina madonge.

Alfajiri kigimbi kilibana nikiwa kitandani. Sikupiga kelele, nilivuta pumzi tu. Ngoie hakuamka, au aliamka nusu. Mkono wake ulishuka chini ya blanketi, ukatafuta mguu, ukashika vidole, ukasukuma. Kikaachia. Aliendelea kulala, mkono umebaki pale.

Kengele zile zilifuliwa na mababu zetu, palepale, kwa chuma chao. Nimeliandika hapa, hapa panatosha.

Nje baridi. Jirani anafagia. Nimelala kimya, sikusogeza mguu.